Hila za Filamu na Kanuni za Maumbile

Mwaka 1986 ilitolewa nchini Marekani filamu iitwayo F/X, iliyoongozwa na Robert Mandel. Herufi hizo mbili ni kifupisho ambacho watengenezaji wa filamu wa nchi hiyo hukitumia kutaja hila za picha na sauti, yaani ufundi wa kumfanya mtazamaji aone jambo ambalo halikutokea. Shujaa wa hadithi ni Rollie Tyler, aliyeigizwa na Bryan Brown. Kazi yake mjini New York ni kutengeneza majeraha, milipuko na sura za bandia kwa ajili ya sinema. Siku moja maofisa wa Wizara ya Sheria wanamwomba autumie ufundi huo nje ya sinema: aigize mauaji ya mkuu mmoja wa genge la wahalifu, aliyekubali kuwa shahidi wa serikali, ili maadui wa shahidi huyo waamini kwamba amekwisha kufa. Tyler anakubali. Mauaji ya uongo yanafanyika mkahawani mbele ya watu, na wote wanayaamini. Lakini mara baada ya kazi kwisha, mmoja wa waliomwajiri anamgeuzia bastola. Tangu hapo fundi huyo hana silaha ya kuokoa maisha yake ila vifaa vya kazi yake.

Filamu hiyo husisimua na pia huchekesha, na ilifuatwa na ya pili mwaka 1991. Kwa mwanafunzi wa sayansi ina faida nyingine. Hila zake zilisimamiwa na John Stears, fundi Mwingereza aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa kazi zake katika filamu za Thunderball na Star Wars, na kila hila inayoonekana humo ni kazi ya fizikia, kemia au elimu ya viumbe. Fundi wa hila hawezi kuvunja kanuni za maumbile. Awezalo ni kuyatumia mazoea ya jicho na sikio. Kwa sababu hiyo, mtazamaji anayezijua kanuni hizo anaweza kuipima filamu yoyote kwa saa ya mkononi na hesabu ndogo, hata akiwa ameketi kwenye benchi la kibanda cha video huko Kilosa au Mikumi. Somo hili linaeleza baadhi ya vipimo hivyo. Linaeleza pia kwa nini vinafaa kujulikana, maana yako mambo ya uongo katika filamu ambayo mtu akiyaamini anaweza kupoteza maisha.

Jicho na picha 24

Kwa hakika hakuna picha inayotembea. Filamu ni mfululizo wa picha tuli, kwa kawaida 24 kwa kila sekunde, zinazotokea moja baada ya nyingine. Watoto wa vijijini wanalijua jambo hili kwa mchezo wa usiku: kijinga cha moto kikizungushwa haraka gizani, haionekani nukta ya moto bali duara zima. Utando wa nyuma ya jicho hauisahau nuru papo hapo. Alama yake hubaki kwa muda mfupi sana. Ubongo nao hufanya kazi iliyobaki. Ukipewa picha mbili za kitu kilichosogezwa kidogo, huamua wenyewe kwamba kitu hicho kimekwenda kutoka hapa hadi pale.

Nafasi iliyopo kati ya picha moja na nyingine ndiyo mlango wa hila ya kwanza. Mwaka 1895 katika kampuni ya Edison huko Marekani ilitengenezwa filamu fupi ya kuuawa kwa Malkia Mary wa Scotland. Kabla ya shoka kushuka, kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondoka, sanamu ikawekwa mahali pake, kisha kamera ikaendelea. Watazamaji waliona kichwa kikikatwa. Njia hiyo hiyo hutumika hadi leo jini anapotoweka ghafla katika filamu za Kitanzania.

Hila ya pili ni ya mwendo. Kamera ikipiga picha 16 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, mambo yote huonekana kwenda mara moja na nusu zaidi. Gari lililokuwa likienda kilomita 60 kwa saa litaonekana likienda kilomita 90. Dereva wa filamu aweza kuonekana hodari kupita kiasi, hali ya kuwa alikwenda kwa mwendo wa basi la abiria.

Umbali na ukubwa

Mtu anayesimama katika stesheni ya Kilosa na kutazama Reli ya Kati huona vyuma viwili vikikaribiana kadiri vinavyokwenda mbali, ingawa nafasi kati yake ni mita 1 mahali pote. Jicho halipimi ukubwa wa kitu. Hupima pembe ambayo kitu hicho hufanya mbele yake. Tembo mwenye kimo cha mita 3, akiwa umbali wa mita 300 katika uwanda wa Mkata ndani ya Hifadhi ya Mikumi, hufanya pembe sawa na kinyago cha sentimita 3 kilichowekwa mita 3 mbele ya jicho. Katika hali zote mbili umbali ni mara 100 ya kimo.

Binadamu ana macho mawili, na tofauti ndogo kati ya mambo yanayoonwa na kila jicho humsaidia kutambua kitu kilicho karibu. Kamera ya kawaida ina jicho moja tu, hivyo hudanganyika kwa urahisi. Sokwe mkubwa wa filamu ya King Kong ya mwaka 1933, aliyeonekana akipanda ghorofa refu la New York, katika sehemu nyingi alikuwa kinyago chenye kimo cha sentimita 45 hivi, kilichosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja.

Muda wa kuanguka

Kinyago kidogo hukabiliwa na shida moja kubwa: nguvu ya mvutano wa dunia haipungui kwa ajili yake. Kitu kinachoanguka kutoka kimo cha mita 5 hufika chini kwa sekunde 1. Mfano wa nyumba uliopunguzwa mara 25 una kimo cha sentimita 20 tu, na paa lake likiporomoka litafika chini kwa sekunde 0.2. Mtazamaji atatambua mara moja kwamba anaona mchezo wa watoto. Ili kumpoteza, fundi huipigisha kamera picha 120 kwa sekunde, kisha huzionyesha 24 kwa sekunde. Muda hurefuka mara 5, na nyumba ndogo huanguka kwa uzito wa nyumba kubwa. Kanuni yake ni kwamba kasi ya kamera huongezwa kwa kipeuo cha pili cha upungufu wa ukubwa: mfano ukiwa mdogo mara 25, kasi huongezwa mara 5.

Lakini maji na moto havikubali kupunguzwa. Tone la maji huundwa kwa mshiko wa uso wa maji yenyewe, na ukubwa wake haubadiliki kwa sababu mto ni wa filamu. Gharika ikionyeshwa kwa beseni, matone yake huonekana makubwa kama vichwa vya watu. Mtazamaji akiona matone ya namna hiyo yakirukia nyumba, ajue kwamba nyumba hizo ni ndogo.

Risasi, damu na nguvu ya kurudi nyuma

Katika filamu, mtu anayepigwa risasi hutokwa na damu kifuani papo hapo. Chini ya shati lake huwa kumefichwa kifuko cha damu ya bandia pamoja na fataki ndogo sana yenye waya za umeme, na kati ya fataki na ngozi huwekwa kibao cha kumkinga. Umeme ukiwashwa, fataki hukipasua kifuko na kutoboa nguo kutoka ndani kwenda nje. Damu hiyo mara nyingi ni sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito, ikatiwa rangi ya vyakula. Haibadiliki rangi kwa haraka. Damu ya kweli hugeuka na kuwa ya kahawia inapokauka, kwa sababu himoglobini iliyomo, ambayo ina madini ya chuma, hubadilika inapokaa hewani. Maiti ya filamu yenye damu nyekundu ya kung'aa baada ya siku nzima ni kazi ya jikoni.

Jambo la kupimwa zaidi ni jinsi mtu huyo anavyorushwa nyuma hadi kuvunja dirisha. Chukua risasi ya bastola yenye uzito wa gramu 8, yaani kilo 0.008, ikienda mita 350 kwa sekunde. Uzito ukizidishwa kwa kasi hutoa 2.8. Ikimwingia mtu wa kilo 70 na kubaki mwilini, itampa kasi ya 2.8 ikigawanywa kwa 70, yaani mita 0.04 kwa sekunde. Hizo ni sentimita 4, upana wa vidole viwili. Na kwa kanuni ya tatu ya Newton, bunduki nayo humsukuma mpigaji nyuma kwa kiasi hicho hicho au kuzidi kidogo. Kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha aliyepigwa, ingemrusha pia aliyepiga. Mwigizaji anayeruka nyuma huwa amevutwa kwa kamba au amejirusha mwenyewe.

Radi ya Ukaguru na mlipuko wa sinema

Wakazi wa Kilosa huona umeme ukimulika juu ya milima ya Ukaguru, kisha husubiri kabla ya kusikia ngurumo. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na sauti mita 340 hivi. Kila sekunde 3 za kusubiri ni kama kilomita 1 ya umbali. Hali kadhalika mkulima akikata mti upande wa pili wa shamba, umbali wa mita 170, mlio wa shoka humfikia mtazamaji nusu sekunde baada ya shoka kugota.

Katika filamu nyingi, ghala hulipuka umbali wa kilomita moja na mlio husikika wakati ule ule. Huo ni uongo wa makusudi, kwa kuwa watengenezaji huona kwamba mtazamaji atachoshwa na kimya cha sekunde 3. Rangi ya moto nayo hutoa siri. Mafundi wa filamu hupenda petroli, kwa maana hutoa ndimi kubwa za moto wa rangi ya machungwa na moshi mweusi. Moshi huo ni kaboni isiyopata oksijeni ya kutosha kuungua. Baruti kali za kijeshi hutoa mmuliko mfupi, vumbi na mpigo wa hewa. Hazina wingu la moto la kupendeza.

Sura ya bandia

Katika F/X, sura ya bandia ina kazi kubwa hadi mwisho wa hadithi. Ili kuitengeneza, uso wa mtu hupakwa kwanza uji mzito wa alginati, kitu kitokanacho na mwani wa rangi ya kahawia, huku pua zikiachwa wazi apate kupumua. Uji huo huganda katika dakika chache na kuhifadhi kila kunyanzi la ngozi. Ndani yake humiminwa plasta, na hivyo hupatikana nakala ya uso. Juu ya nakala hiyo fundi hufinyanga sura anayoitaka, hutengeneza kalibu yake, kisha huijaza utomvu wa mpira uliopigwa hadi ukatoa povu. Utomvu huo ni wa aina ile ile inayogemwa katika mashamba ya mpira ya Kihuhwi, wilayani Muheza. Povu likiokwa huwa jepesi na laini, nalo hufuata misuli ya uso wa aliyelivaa. Hata hivyo ubongo wa binadamu ni stadi sana wa kusoma nyuso. Ndiyo maana sura za namna hiyo huonyeshwa kwa muda mfupi na katika mwanga hafifu.

Mafundi wa Wakaliga

Mtu asidhani kwamba ufundi huu ni mali ya nchi tajiri pekee. Katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana na wenzake walitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyotolewa mwaka 2010. Ni filamu ya mapigano na mzaha, na ilipata watazamaji katika nchi nyingi. Silaha zao ziliundwa kwa mbao na vyuma chakavu. Mwali wa bunduki uliongezwa baadaye kwa kompyuta zilizounganishwa na mafundi wenyewe, na helikopta zilizoonekana zikishambulia jiji hazikuwahi kuruka popote.

Siri ya kazi ya namna hiyo ni kitambaa cha kijani. Mwigizaji hupigwa picha mbele yake, kisha kompyuta huamriwa kuondoa kila nukta ya rangi hiyo na kuweka mahali pake picha nyingine. Kijani huchaguliwa kwa sababu kiko mbali na rangi ya ngozi ya watu wote, na kwa sababu vipokea nuru vya kamera nyingi za kisasa vina nukta za kijani maradufu ya nyekundu au buluu. Mwigizaji akivaa shati la kijani, kifua chake kitatoweka.

Pale hila inapodhuru

Maadamu mtazamaji anajua kwamba anaonyeshwa hila, hakuna ubaya. Hatari huanza pale anapoichukua hila kuwa mwongozo wa maisha. Mifano mitatu yatosha, na miwili imo katika wilaya ya Kilosa yenyewe.

Wa kwanza ni wa barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ambayo hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Humo mwendo uliowekwa hauzidi kilomita 70 kwa saa. Gari la mwendo huo husafiri mita 19 kwa sekunde. Dereva akichukua sekunde 1 kutambua hatari, kisha akafunga breki kwenye lami kavu, atasimama baada ya karibu mita 50 kwa jumla. Akiwa katika kilomita 120 kwa saa atahitaji zaidi ya mita 110, na nguvu ya mwendo iliyomo garini huwa karibu mara 3. Taa za gari zilizoinamishwa usiku humulika vema umbali wa mita 50 hivi. Kwa hiyo dereva huyo humwona nyati au tembo wakati ambapo hawezi tena kusimama. Katika filamu gari hupinduka mara tano na shujaa hutoka akipangusa vumbi, kwa sababu ndani mlifungwa fremu ya mabomba ya chuma na mikanda maalumu, na aliyekaa humo ni mtaalamu wa kazi hiyo. Basi la abiria halina fremu hiyo.

Wa pili ni wa mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya mto huo yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuharibu njia ya reli. Shujaa wa filamu huvuka mafuriko akiwa amembeba mtoto begani, lakini maji hayo huwa yamepimwa, sakafu yake ni tambarare, na kamba imefichwa. Maji ya kina cha nusu mita yanayokwenda mita 2 kwa sekunde husukuma miguu ya mtu mzima kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 30 hivi. Kasi ikiongezeka mara 2, msukumo huongezeka mara 4, na huo ni uzito wa zaidi ya gunia la mahindi. Hakuna ushujaa unaobadili hesabu hiyo.

Wa tatu unawahusu mafundi wenyewe. Risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lisilo na kichwa cha risasi, hudhaniwa kuwa si hatari. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alijiwekea kwenye panja bastola yenye risasi ya namna hiyo kwa mzaha, akafyatua. Mpigo wa gesi ulivunja mfupa wa kichwa, naye akafa. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa kwa kichwa cha risasi kilichokuwa kimekwama katika mtutu na kusukumwa nje na risasi baridi. Mwaka 2021 mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya kweli iliyokuwamo katika bastola ya mchezo. Watu hao watatu walifia kazini, kati ya watu waliojua kwamba wanafanya maigizo. Maumbile hayatofautishi maigizo na kweli.

Hila halali na ulaghai

Hadithi ya F/X inagusa jambo hili kwa wepesi, lakini kwa usahihi. Tyler alipowadanganya watazamaji wa sinema, hakumdhulumu mtu. Walikata tiketi ili wadanganywe. Alipoutumia ufundi ule ule kwa watu waliokuwa wakila chakula chao mkahawani, aliingia katika kazi ya wengine, na hao wakamgeuka. Vifaa havikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba walioonyeshwa hawakujua kuwa wanaonyeshwa.

Leo swali hilo limemfikia kila mwenye simu. Kwa msaada wa akili mnemba, kompyuta huweza kutengeneza picha ya mafuriko, ya simba barabarani au ya kiongozi akisema maneno ambayo hakuyasema, bila kinyago wala kitambaa cha kijani. Vipimo vilivyoelezwa hapa bado vinafaa: muda wa kuanguka, kuchelewa kwa sauti, ukubwa wa matone, mwelekeo wa vivuli. Lakini mitambo hiyo inazidi kujifunza, na kuna picha ambazo hazitaonyesha kosa lolote kwa macho. Hapo hubaki njia ya kale ya mwanasayansi, ya kutoamini jambo kwa ushahidi mmoja. Picha ikidai kwamba daraja la Kilosa limechukuliwa na maji, iulizwe imepigwa na nani, lini, akiwa amesimama wapi, na ni nani mwingine aliyeliona daraja hilo siku hiyo.

Mazoezi

1. Katika filamu, gari linaanguka kutoka ukingo wa jabali, na saa inaonyesha kwamba limefika chini baada ya sekunde 4. Jabali lina kimo gani, ikiwa picha hazikupunguzwa mwendo?

2. Ghala linalipuka mita 680 kutoka kwa mtazamaji. Mlio unapaswa kusikika baada ya muda gani?

3. Fundi anatumia mfano wa daraja uliopunguzwa mara 9. Kamera yake ipige picha ngapi kwa sekunde?

4. Tazama filamu moja ya mapigano pamoja na wenzako. Andika mambo matatu yasiyopatana na kanuni zilizoelezwa, na ueleze ni lipi kati yake lingeweza kumdhuru mtu akiliiga.

Majibu ya hesabu: (1) mita 80, (2) sekunde 2, (3) picha 72.